Msumeno wa mnyororo wa urithi: dalili, sababu na namna ya kuufufua

Misumeno mingi ya urithi haifi stoo. Hufa siku inapotolewa, mtu anapoijaza petroli na kuanza kuvuta kamba. Injini hizi ni za tuu-stroki: oili inayolainisha pistoni, ringi na beringi huingia ikiwa imechanganywa na petroli. Sehemu zake za mpira zikikauka na kupasuka, hewa hupenya pasipotakiwa, petroli inayofika hupungua, na oili hupungua nayo. Injini inaweza kuwaka, ikalia kwa nguvu kuliko ulivyotarajia, na dakika chache baadaye pistoni ikachubuka. Ndiyo maana ukaguzi mwingi hapa chini hufanywa injini ikiwa imezimwa.

Kabla ya kuvuta kamba

Chomoa kofia ya plagi. Toa mnyororo na bapa, yaani kile chuma kirefu ambacho mnyororo hukizunguka. Mwaga petroli yote ya zamani; iliyooza huwa ya kahawia na hunuka vanishi. Mwaga pia oili ya mnyororo.

Sasa fungua ekzosi, kwa kawaida bolti mbili au tatu, umulike tochi ndani ya tundu la silinda huku ukivuta kamba polepole mpaka pistoni itokeze. Unatafuta ukuta laini, na ringi inayobonyea kidogo na kurudi ukiisukuma kwa kijiti cha mbao. Mikwaruzo ya wima upande wa ekzosi peke yake huonyesha kuwa injini iliwahi kuungua kwa hewa nyingi na mafuta kidogo. Mikwaruzo inayozunguka pistoni nzima mara nyingi ni kazi ya petroli tupu isiyo na oili. Ukijivu uliofifia upande wa kabureta ni vumbi lililopita kwenye filta. Ukikuta mojawapo, tafuta kwanza kama pistoni, ringi na silinda za modeli hiyo bado zinapatikana, kabla hujanunua hata plagi.

Onyo moja la mapema: mwili wa misumeno mingi ni wa magnesiamu. Usiusage kwa grainda. Chenga zake hushika moto, na maji huzidisha moto huo.

Mafuta ya kutia

Petroli mpya, na oili ya tuu-stroki iliyotengenezwa kwa injini zinazopozwa kwa hewa. Oili ya injini za boti yenye alama ya TC-W3 haikukusudiwa joto la msumeno, na oili ya injini ya gari haifai kabisa. Uwiano wa 50:1 ni mililita 20 za oili kwa lita moja ya petroli. 25:1 ni mililita 40. Mashine za zamani zina maandishi ya 16:1 au 20:1 kwenye kifuniko kwa sababu oili za enzi hizo zilikuwa dhaifu. Kwa oili nzuri ya leo, kama ya daraja la JASO FD, mililita 40 kwa lita ni kipimo salama cha kuanzia kwenye injini usiyoijua historia yake. Kutokuwa na risasi kwenye petroli ya siku hizi hakuna madhara hapa, kwani injini hii haina valvu za kuungua. Chenye madhara ni ethanoli: hulainisha na kuvimbisha mipira ya zamani.

Dalili: kamba haivutiki

Kwanza ondoa kifuniko cha staata, skrubu tatu au nne, kisha jaribu kuzungusha flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, kwa mkono. Ikizunguka, tatizo liko kwenye staata: kamba imejifunga, au springi imekatika au kushika kutu. Vaa miwani kabla ya kufungua puli ya kamba. Springi iliyokunjwa ndani yake huruka ghafla na kingo zake hukata.

Isipozunguka, toa plagi ujaribu tena. Kabureta inayovuja huweza kujaza silinda mafuta, na kimiminika hakigandamizwi. Kama plagi ikitoka injini inazunguka na mafuta yanaruka, umeshajua. Nenda kwenye kabureta.

Angalia pia mapezi ya silinda na nyuma ya flaiwili. Nyigu hupenda kujenga vichuguu vya udongo humo, panya huleta nyasi na matambara, na vyote hivyo hukaza flaiwili au, kibaya zaidi, huziba hewa ya kupoza bila kuzuia injini kuwaka.

Ikibaki imekwama, pistoni imeshikwa na kutu au ringi zimeganda. Mimina vijiko viwili vya oili ya kulegeza kutu kupitia tundu la plagi, simamisha msumeno tundu likiwa juu, uache usiku kucha. Kesho yake jaribu kwa spana kwenye nati ya flaiwili, mbele kidogo na nyuma kidogo, bila nguvu ya ziada. Rudia kwa siku kadhaa. Usiongeze bomba refu kwenye spana, wala usigonge pistoni kwa chuma. Ikigoma baada ya wiki, pistoni imeganda kabisa; ikizunguka kwa sauti ya mchanga, beringi za krankishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) zimekwisha. Zote mbili ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kupasua krankikesi, yaani kasha la mhimili huo.

Dalili: kamba inavutika kirahisi mno

Hapa kompresheni ni ndogo. Sababu ya kawaida ni ya aibu: plagi imelegea, au kitufe cha kupunguza kompresheni (misumeno mikubwa huwa nacho) kimebonyezwa na kubaki ndani. Baada ya hapo ni ringi zilizoganda kwa kaboni, halafu pistoni au silinda iliyochakaa.

Jaribio lisilohitaji kifaa: plagi ikiwa imekazwa na swichi ikiwa imezimwa, shika mpini wa kamba na uache msumeno uning'inie, bila bapa na mnyororo. Injini nzima hushuka kwa hatua, ikisita kila pistoni inapopanda. Ikiteremka moja kwa moja mpaka kamba iishe, ndani hamna nguvu.

Jaribio la uhakika ni geji ya kompresheni. Fungua eksileta yote, vuta kamba mara tano au sita mpaka sindano isipande tena. Nyingi zilizo nzima husoma psi 120 au zaidi. Chini ya psi 100 tarajia taabu ya kuwaka, hasa injini ikiwa moto. Geji za magari zenye valvu mbali na ncha hudanganya kwenye silinda ndogo kama hizi. Tumia yenye valvu kwenye ncha. Ukipata namba ndogo, dondosha kijiko kidogo cha oili ndani ya silinda upime tena. Namba ikipanda sana, ringi ndizo mkosaji.

Dalili: inavutika vizuri lakini haiwaki

Gawa tatizo mara mbili, moto au mafuta, na usiguse kabureta kabla ya kumaliza upande wa moto. Watu wengi hununua kabureta mpya wakati waya wa swichi umegusa bodi.

*Moto.* Anza na plagi mpya ya namba sahihi, mwanya wa milimita 0.5 kwa misumeno mingi. Ichomeke kwenye kofia yake, gusisha chuma cha plagi kwenye mapezi ya silinda, mbali na tundu la plagi, uvute kamba kwa kasi. Umbali huo ni muhimu, kwani mvuke wa petroli unaotoka kwenye tundu unaweza kulipuka usoni mwako. Unataka cheche ya buluu inayosikika.

Hakuna cheche? Chomoa ule waya mwembamba wa kuzimia unaoingia kwenye koili (kifaa kinachozalisha umeme wa cheche), ujaribu tena. Cheche ikirudi, swichi au waya wake una shoti, na kazi imeisha kwa bei ya kipande cha waya. Isiporudi, angalia sumaku za flaiwili na miguu ya koili. Kutu ikijaa hapo, cheche hufifia au hupotea. Sugua kwa msasa laini, kisha panga mwanya upya: legeza bolti mbili za koili, weka kipande cha kadi chenye unene wa milimita 0.3 hivi katikati, acha sumaku ivute koili ibane kadi, kaza bolti, vuta kadi itoke. Zungusha flaiwili duara zima uhakikishe haigusi popote.

Mashine za kabla ya koili za elektroniki zina kontakti chini ya flaiwili. Baada ya miaka stoo, kontakti hizo hufunikwa na utando mweupe usiopitisha umeme. Zisafishe kwa kadi iliyoloweshwa spiriti, mwanya wake ukiwa kati ya milimita 0.35 na 0.4. Kuitoa flaiwili, zuia pistoni kwa kuingiza kipande cha kamba laini kwenye tundu la plagi, kisha tumia pula, kifaa cha kuichomolea. Usigonge ncha ya krankishafti kwa nyundo tupu; nyuzi zake zikiharibika, umejiongezea kazi kubwa kuliko uliyokuwa nayo. Ukiwa hapo tazama kifunguo kidogo kinachofunga flaiwili na shafti. Kikiwa kimekatika nusu, cheche itakuwepo ila kwa wakati usiofaa, na kamba itakurudishia mkono kwa nguvu. Koili yenyewe iwe ya mwisho kulaumiwa.

*Mafuta.* Vuta mara kumi ukiwa umefunga choki, utoe plagi. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki. Thibitisha kwa kudondosha matone machache ya mchanganyiko ndani ya silinda, rudisha plagi, vuta: ikiwaka sekunde mbili na kufa, moto ni mzima. Sasa fuata njia ya mafuta kutoka tangi:

1. Filta iliyo mwisho wa paipu ndani ya tangi. Ivue kwa ndoano ya waya. Ikiwa nyeusi au ngumu, badilisha.
2. Paipu ya mafuta. Ivute na kuikunja ukiiangalia pale inapopita ukuta wa tangi. Ufa hujificha hapo. Ikinata vidoleni au ikivunjika kama biskuti, badilisha bila kujadili.
3. Kichujio kidogo cha wavu ndani ya kabureta, chini ya kifuniko chenye skrubu moja au mbili.
4. Diaframu, kile kiwambo chembamba ndani ya kabureta. Mpya hunyumbuka kimya ukiibonyeza. Iliyozeeka hulia kama karatasi.

Plagi ikitoka imelowa, injini imefurika. Zima swichi, fungua choki, bana eksileta yote, vuta mara kumi bila plagi, futa, rudisha. Ikifurika kila mara, sindano ya kuingizia mafuta kwenye kabureta haifungi.

Kabureta yenyewe

Kwa msumeno uliolala miaka mingi, kubadilisha seti ya diaframu na gasketi ni jambo la kufanya tu, hata kama injini inawaka bila hivyo. Seti hununuliwa kwa namba iliyogongwa kwenye mwili wa kabureta (Walbro, Zama na Tillotson ndizo utakazokutana nazo sana), si kwa jina la msumeno, kwani msumeno mmoja huweza kutoka kiwandani na kabureta tofauti.

Piga picha kila tabaka unalolitoa. Mpangilio wa gasketi na diaframu upande wa pampu haufanani na ule wa upande wa pili, na ukizibadilisha nafasi kabureta haitafanya kazi. Kabla ya kutoa skrubu za L na H (za kupima mafuta ya mwendo mdogo na ya mwendo mkubwa), zifunge taratibu huku ukihesabu mizunguko, uandike. Pima pia kimo cha kile kijimkono kidogo kinachoinua sindano, ukirejeshe vilevile. Pulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye kila tundu uone ikitokea upande wa pili. Usichokonoe matundu kwa waya, yanapanuka. Hewa ya kompresa itumike tu baada ya diaframu zote kutoka.

Ukimaliza kuunganisha, pampu ndogo yenye geji inasema ukweli: weka bar 0.5 (psi 7 hivi) kwenye tundu la kuingilia mafuta. Sindano ya geji ikishuka ndani ya dakika, kabureta bado inavuja. Pa kuanzia kwa L na H ni mzunguko mmoja nje kutoka pale skrubu ilipogusa kwa wepesi. Kuikaza kwa nguvu huharibu kiti chake daima.

Dalili: inawaka kisha inazima

Legeza kifuniko cha tangi mara tu inapoanza kufa. Ikifufuka, tundu la kupumua la tangi limeziba. Likiwa wazi, rudi kwenye filta na paipu. Ikiwa inaendelea kulia pale tu choki inapofungwa, inapata mafuta kidogo au inavuta hewa; usiizoeshe kazi katika hali hiyo.

Ikifa baada ya kupata moto na kukataa mpaka ipoe, pima cheche papo hapo ikiwa ingali moto. Koili zenye ufa wa ndani hukatika zikipashwa. Cheche ikiwepo, pima kompresheni ikiwa moto.

Dalili: mwendo unapanda wenyewe, au hauteremki ukiachia eksileta

Hii ndiyo dalili ya kuizima mashine mara moja. Swichi isipotii, funga choki: mafuta mengi yataizamisha.

Kwanza hakikisha waya wa eksileta na springi yake havijakwama. Vikiwa sawa, injini inanyonya hewa. Mahali pa kutazama kwa mpangilio: shingo ya mpira kati ya kabureta na silinda (ikunje, nyufa huonekana ikikunjwa tu), kijipaipu kinachopeleka msukumo wa krankikesi kwenye pampu ya kabureta, gasketi ya kabureta, sili mbili za krankishafti, na mwishowe gasketi ya chini ya silinda.

Kupima: ziba tundu la ekzosi kwa kipande cha mpira kilichobanwa na ekzosi yenyewe, ziba upande wa kabureta, ingiza hewa ya bar 0.5, paka maji ya sabuni na utazame mapovu. Kisha fanya kinyume, vuta hewa itoke kwa kiasi hichohicho. Hatua ya pili hairukwi, maana midomo ya sili chakavu huweza kushika shinikizo na bado ikaruhusu hewa kuingia. Wapo wanaopulizia petroli au dawa ya kabureta kwenye injini inayowaka ili wasikie mlio ukibadilika. Kwenye ekzosi iliyo moto, huo ni mwaliko wa moto.

Shingo na paipu utabadilisha mwenyewe. Sili za krankishafti zinataka klachi na flaiwili vitoke, na kifaa cha kuziingiza bila kukwaruza shafti. Kama huna, mpe fundi, na usiuwashe msumeno kwa sasa hata kwa majaribio.

Baada ya kuziba uvujaji ndipo utapanga H. Kwa eksileta yote bila mzigo, mlio unapaswa kuwa na mkwaruzo, kama unaogugumia, na usafike mara mnyororo unapoingia kwenye mti. Ukisikia mlio mwembamba unaopiga yowe, fungua H kwa moja ya nane ya mzunguko. Mtaalamu mwenye takometa amalizie akifuata kiwango cha juu cha mizunguko cha modeli yako.

Dalili: haina nguvu kwenye gogo

Mara nyingi injini haina kosa. Mnyororo ni butu. Ukishaunoa na bado, safisha filta ya hewa, kisha fungua ekzosi: wavu wa kuzuia cheche huziba kwa kaboni, na tundu la silinda hupungua kipenyo. Leta pistoni ifunike tundu, kwangua kwa kijiti cha mbao, puliza mabaki yatoke.

Dalili: mnyororo ni mkavu

Elekeza ncha ya bapa kwenye kadibodi safi kwa umbali wa sentimita 20, ongeza mwendo. Ndani ya dakika moja mstari wa oili unapaswa kuonekana. Usipoonekana, zibua kwanza tundu la oili kwenye bapa na mfereji wake. Kisha suuza tangi la oili kwa mafuta ya taa, kwani oili ya zamani hugeuka gundi na kuziba filta yake. Kinachobaki ni gia ya pampu nyuma ya klachi, mara nyingi ya plastiki. Klachi kwenye misumeno mingi hufunguka kinyume, kwa kuzungusha upande wa saa. Misumeno mikongwe sana ina kitufe cha kusukuma oili kwa kidole gumba. Hapo mkosaji anaweza kuwa mtumiaji.

Dalili: inakata kwa kupinda, au inatoa vumbi badala ya vibanzi

Vumbi ni ubutu. Kupinda ni meno ya upande mmoja kuwa mafupi kuliko ya upande wa pili, au kingo za bapa kuchakaa bila usawa. Ikiwa unanunua mnyororo mpya, pima umbali wa ribiti tatu zinazofuatana ugawe kwa mbili: hiyo ndiyo hatua, na lazima ilingane na sproketi (gia inayouendesha mnyororo) na pua ya bapa. Linganisha pia upana wa mfereji (milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6) na idadi ya miguu inayoingia humo.

Tupa ya duara huwa milimita 4.0 kwa mnyororo mdogo wa inchi 3/8, 4.8 kwa wa inchi 0.325, na 5.5 kwa minyororo mingi mikubwa ya 3/8 na 0.404. Pembe ni digrii 30 kwa minyororo mingi, miguso sawa kwa kila jino. Vile vikomo vifupi mbele ya meno vishuke milimita 0.65 hivi chini ya ncha ya jino, si zaidi. Ukivikata sana, msumeno utarukaruka na kurudi kwa mkataji. Sproketi yenye makovu ya zaidi ya nusu milimita huharibu mnyororo mpya, ibadilishe kwa pamoja.

Dalili: mnyororo unazunguka bila eksileta, au breki haishiki

Punguza skrubu ya mwendo mdogo (T, LA au S). Mnyororo ukiendelea kuzunguka, springi za klachi zimelegea au kukatika. Klachi mpya, si springi za kubuni.

Breki ijaribiwe kwa kusukuma kinga ya mbele mnyororo ukienda: lazima usimame papo hapo. Bendi nyembamba au yenye oili hubadilishwa, na springi yake ni kali kiasi cha kuvunja kidole, kwa hiyo mpelekee fundi. Misumeno mingi ya kabla ya miaka ya 1970 haina breki ya mnyororo kabisa, na nyingine haina hata kinga ya mkono. Hakuna spea ya kuongeza. Ifufue kama unapenda injini yake, iwashe bila bapa na mnyororo, na miti ukate kwa msumeno wenye breki.